Barua ya wazi kwa waandaaji wa sensa: anzieni mlangoni

Kwenu wakuu wa ofisi za takwimu, makamisaa wa sensa, na ninyi viongozi wa wilaya, kata na mitaa mtakaokabidhiwa kazi ya kuhamasisha wananchi,

Nawasalimu kwa heshima. Nimewahi kuwa karani wa sensa, na baadaye nikawa msimamizi wa makarani. Nawaandikia sasa, wakati bajeti bado zinajadilika, kwa sababu duru ya sensa ya 2030, ile ambayo Umoja wa Mataifa umeipangia miaka ya 2025 hadi 2034, imekwisha kuanza, na nchi nyingi ziko mezani zikipanga. Ombi langu kubwa ni moja, na mengine yote humu yanalifuata hilo: fedha na muda wa uhamasishaji viteremshwe mitaani mapema, si chini ya mwaka mmoja kabla ya siku ya kuhesabu, na vishikwe na watu wanaojua nani analala wapi.

Niwaeleze nilikolitoa ombi hili.

Siku ya pili ya kazi, saa nne asubuhi, nilikaribishwa na mama mmoja kijana. Alinipa kigoda, akakaa mbele yangu, akajibu kila swali bila kusita. Wangapi walilala humu usiku wa sensa? "Watatu, dada. Mimi, mume wangu, na huyu wa shule." Nikaandika majina, umri, elimu, kazi. Nikamshukuru, nikafunga dodoso, nikachukua chaki niandike namba ya kaya kwenye fremu ya mlango. Mkono ukiwa bado juu, nyuma ya pazia mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo, ya kichanga.

"Na huyo?"

"Huyo bado, dada. Ana wiki mbili tu."

Bado. Neno hilo sijaliacha nyuma mpaka leo. Yule mama hakuwa anaficha mtoto, wala hakuwa na ugomvi wowote na serikali. Kwake yeye sensa ilikuwa habari ya watu wenye majina na vitambulisho, watu wanaoweza kuulizwa swali wakajibu. Mtoto alikuwa hajapewa hata jina. Nikalifungua dodoso tena, nikaandika mstari wa nne, na mama akafikiri kidogo, akanitajia jina ambalo nadhani hakuwahi kulitamka mbele ya mgeni.

Kwenye barabara ya kuingilia mtaa ule kulikuwa na bango kubwa kuliko nyumba yake. Lilikuwa na picha ya familia inayotabasamu na wito kwamba kila mtu ajitokeze kuhesabiwa. Mama yule alilipita mara kadhaa akienda kliniki na kurudi. Bango lilisema "kila mtu", na yeye hakuwa na sababu ya kujua kwamba mtoto wa wiki mbili naye ni kila mtu.

Huyo tulimpata kwa chafya. Kilichoninyima usingizi usiku ule ni milango niliyoipita siku ya kwanza, ambako hakuna mtoto aliyepiga chafya.

Msilione hili kuwa jambo la mtaa mmoja au la nchi maskini. Marekani imehesabu watu wake tangu mwaka 1790, na ofisi yake ya sensa haina upungufu wa wataalamu. Hata hivyo ilipojipima baada ya sensa ya 2020 iliona kuwa watoto wa chini ya miaka 5 walipungua kwenye hesabu kwa karibu asilimia 2.8. Watu weusi walipungua kwa asilimia 3.3, wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa karibu asilimia 5, na wenyeji wa asili wanaoishi kwenye maeneo yao yaliyotengwa kwa zaidi ya asilimia 5.6. Wazungu, kwa upande wao, walihesabiwa kupita idadi yao halisi, maana wapo walioandikwa mara mbili. Afrika Kusini iligundua kwamba sensa yake ya 2022 ilikosa takriban asilimia 31 ya watu, ilhali ile ya 2011 ilikosa karibu asilimia 14.6.

Namba hizi hutoka kwenye tathmini inayofanyika baada ya sensa. Maeneo machache huchaguliwa, kaya zake huhojiwa upya na timu nyingine, kisha majina hulinganishwa moja baada ya jingine ili kuona nani aliachwa na nani alirudiwa. Ni kazi ya uadilifu, na naziheshimu nchi zinazoifanya na kuyatangaza majibu yake hata yanapoziaibisha. Ila tathmini hiyo ina mpaka. Wataalamu wanaweza kuitumia kurekebisha jumla ya taifa au ya mkoa. Hawawezi kuitumia kumrudisha mtoto aliyeachwa kwenye mtaa wake, kwenye zahanati yake, kwenye hesabu ya madawati ya shule atakayoingia miaka sita baadaye. Kule chini, ambako hesabu inageuka kuwa chanjo na mwalimu na kisima, aliyeachwa ameachwa kwa miaka 10.

Sasa mniruhusu niseme ninachokiamini baada ya milango mingi. Katika maofisi nimesikia mara kwa mara kwamba watu "wanagoma" kuhesabiwa. Wapo, lakini ni wachache. Wengi wanaokosekana hawakukataa chochote, kwa sababu hawakuulizwa. Aliulizwa mtu mmoja, yule aliyefungua mlango, naye akawaacha. Aliacha kichanga kwa sababu ni kichanga. Aliacha mpwa aliyekuja kusoma kwa sababu "ana kwao". Alimwacha bibi aliyelazwa hospitalini, na kijana anayefanya kazi usiku kwa sababu usiku wenyewe hakuwepo. Kwa hiyo mkipanga uhamasishaji, mtu wa kwanza wa kumfikiria ni huyu anayefungua mlango. Ameshakubali kuhesabiwa. Anachohitaji ni kufundishwa kuhesabu.

Na kufundisha huko si kwa kaulimbiu. Kanuni za sensa ni za kiufundi kuliko tunavyokubali. Nchi zinazohesabu watu pale walipolala huwa na usiku wake maalumu. Tanzania ilitumia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na Kenya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Aliyezaliwa kabla ya saa sita ya usiku huo anahesabiwa, aliyezaliwa baada yake hahesabiwi. Aliyefariki asubuhi yake anahesabiwa, na karani akimkuta mjane mlangoni inabidi aliulize hilo kwa sauti ya chini. Nchi nyingine, Marekani ikiwamo, humhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida, popote alipolala usiku ule. Kanuni zote mbili zina mantiki yake, lakini zote zina mtego kwa mtoto anayelelewa nyumba mbili: kwa baba wanadhani ameandikwa kwa mama, kwa mama wanadhani ameandikwa kwa baba. Mtu hawezi kuyajua haya kwa kusikia wimbo wa sensa redioni. Anayajua akikaa na mtu anayemfahamu, akauliza, "Sasa mama mkwe aliyekuja kwa wiki mbili, huyo naye?" na akajibiwa.

Kwa nini basi mazungumzo hayo hayafanyiki? Kwa sababu fedha hufika zimechelewa. Katika sensa niliyoifanyia kazi, fungu la uhamasishaji la ngazi ya chini lilifika wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Kwa wiki tatu unaweza kufanya nini? Unachapisha fulana, unakodi gari la matangazo, unaandaa uzinduzi wenye mahema na hotuba. Nilimwona mwenyekiti wa kamati mwenye nia njema kabisa akigawa kofia kwa watu waliokuwa wamekuja kwenye mkutano, yaani kwa watu ambao hata bila kofia wangehesabiwa. Wale tuliowakosa hawakuwepo mkutanoni. Walikuwa kazini, au wamelala baada ya kazi, au wako machungani, au wamekaa ndani kwa sababu mikutano ya serikali kwao huwa na habari za kuhamishwa.

Naomba fungu hilo lifike mwaka mmoja kabla, hata likiwa dogo. Na lifike pamoja na kitu kingine kisichogharimu hata senti, ambacho mnacho tayari kwenye makabati yenu: taarifa za sensa iliyopita, eneo kwa eneo. Ninyi mnajua ni maeneo gani ya kuhesabia watu ambako makarani walirudi mara tatu bila kumpata mtu. Mnajua wapi majibu yalitolewa na jirani badala ya mwenye kaya. Mnajua wapi idadi ya watoto wa chini ya mwaka mmoja ilikuwa ndogo kuliko vizazi vilivyoandikishwa kwenye vituo vya afya vya palepale. Hakuna haja ya kutoa jina la mtu yeyote, na sheria hairuhusu. Ipeni kila kata ramani tu, yenye rangi mahali palipokuwa pagumu, muwaulize wakazi: hapa palikuwa na nini? Watawajibu. Watawaambia pale ni mabweni ya vibarua, pale nyumba ziko nyuma ya nyumba, pale watu walikuwa na msiba wa pamoja wiki ile.

Ramani zenyewe zina shida ya umri. Utengaji wa maeneo hufanyika miezi mingi kabla ya kuhesabu, na pembezoni mwa miji miezi hiyo inatosha kuota mtaa mzima. Nilipewa ramani yenye nyumba 90 nikakuta zaidi ya 130. Kamati ya wenyeji ikitembea na ramani hiyo jioni mbili tu, miezi mitatu kabla, inawapunguzia makarani wenu siku nzima za kubabaika.

Kuhusu nani akae kwenye kamati hizo, nina maoni makali kidogo, mnisamehe. Msijaze watendaji watupu. Huko Marekani serikali za miji, za majimbo na za wenyeji wa asili huunda kamati za hesabu kamili kabla ya sensa, na kinachozipa nguvu ni kwamba ndani yake hukaa viongozi wa dini, walimu, waajiri, vyama vya kijamii na watu wa vyombo vya habari, kila mmoja akiwa na watu wake wanaomsikiliza. Jina si lazima tulichukue, ila mpango huo tuutumie. Mimi ningeanza na mkunga au muuguzi wa kliniki, maana yeye anawajua vichanga wote. Ningemweka mwenye nyumba za kupangisha, tena yule mwenye vyumba vingi. Ningemtafuta msimamizi wa walinzi wa usiku, kiongozi wa madereva, mtu anayezungumza lugha ya wageni walio wengi mtaani, na mtu mwenye ulemavu ambaye anajua nyumba zinazowaficha watoto kama yeye. Mwalimu wa shule ya msingi asikose. Mwulizeni mtoto wa darasa la tatu nani analala kwao, hatasahau mtu, hata yule mjomba wa kwenye kochi. Mwalimu akiwapa wanafunzi kazi ya kuchora nyumba yao na wote wanaolala humo, mchoro ukabaki nyumbani ukutani, karani akija mama anauangalia anajibu. Sijaona bango linaloshinda mchoro huo.

Nieleze kwa nini nimemtaja mwenye nyumba. Nilifika kwenye uwanja mmoja wenye vyumba tisa vilivyopangana. Mzee mwenye nyumba alinipokea kwa adabu, akajihesabu yeye, mkewe na mjukuu. Nikauliza wapangaji. "Wapangaji hakuna, binti yangu. Hivyo vyumba ni stoo." Kwenye kamba ya nguo zilining'inia sare za ulinzi za watu watatu wa maumbo tofauti, na mbele ya mlango wa stoo moja palikuwa na viatu vyenye tope bichi. Sikubishana naye. Karani akishabishana na mtu, ameshamkosa. Nilimuaga vizuri, nikaenda kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, ambaye kila mtu pale alimwita Mwalimu bila jina, nikamweleza hali. Jioni akanisindikiza. Walizungumza wao wawili, karibu robo saa, kuhusu mambo mengine, kisha kuhusu kodi ya pango. Mzee aliamini nikiandika wapangaji, mwezi ujao atakuja mtu wa mapato na daftari. Mwalimu akamsomea kifungu cha sheria ya takwimu kinachozuia taarifa za mtu mmoja mmoja kwenda popote, kilichochapishwa nyuma ya kitambulisho changu, ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kufikiria kumwonyesha mtu. Mzee akasema, "Mngeniambia haya mapema." Vyumba tisa vilitoa watu 14.

"Mapema" aliyoisema mzee ndiyo ninayoiomba. Mwalimu yule hakulipwa wala hakuvaa fulana. Alichokuwa nacho ni miaka 30 ya kusomesha watoto wa mtaa ule. Kazi yenu ninyi ni kumtafuta mtu kama yeye kila mtaa, kumpa maelezo sahihi mwaka mmoja kabla, na kumwacha azungumze kwa namna yake.

Nimegusia woga, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Tuache kuwaambia watu "msiogope" kana kwamba woga wao ni ujinga. Historia inawapa haki ya kuuliza. Mwaka 1943 Ofisi ya Sensa ya Marekani ilitoa majina na anwani za watu wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi eneo la mji mkuu, Washington, baada ya sheria ya vita ya mwaka uliotangulia kuulegeza usiri wa sensa. Mwaka 2000 mkurugenzi wa ofisi hiyo aliomba radhi kwa mchango wake katika kuwekwa kizuizini kwa Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa vita hivyo. Nchini Uingereza, sensa ya 1991 ilikuja baada tu ya kodi ya kichwa iliyochukiwa sana, na vijana wengi wa kiume wakakosekana kwenye hesabu. Watafiti walilihusisha hilo na watu waliojificha wasitozwe. Ujerumani Magharibi ilipanga sensa mwaka 1983, wananchi wakaipinga, na Mahakama ya Katiba ikabatilisha sehemu ya sheria yake kwa kuwa haikulinda taarifa za mtu vya kutosha. Sensa hiyo ilifanyika mwaka 1987, baada ya sheria kuandikwa upya. Wajerumani wale hawakuwa wajinga. Waliuliza swali la haki na mahakama ikawajibu.

Kwa hiyo jibuni maswali kwa maneno ya sheria, si kwa tabasamu. Jina langu linakwenda wapi? Linaondolewa lini kwenye majibu? Karani akimwambia jirani niliyomwambia, anafungwa miaka mingapi au anatozwa nini? Kila kamati ya mtaa iwe na majibu hayo kwenye ukurasa mmoja, kwa lugha inayosemwa pale. Halafu fanyeni jambo ambalo ni ninyi tu wenye mamlaka mnaoliweza: kwa miezi mitatu kabla ya sensa na wakati wa kuhesabu, zisimamisheni operesheni nyingine zote zinazofanana na sensa. Asipite mtu wa kodi na daftari, asipite mtu wa bomoabomoa na rangi nyekundu, usifanyike msako wa vitambulisho. Niliwahi kuingia mtaa siku mbili baada ya nyumba kuwekewa alama za kubomolewa. Chaki yangu ilikuwa nyeupe na alama zile zilikuwa nyekundu, lakini mwenye nyumba hakuona tofauti, na sikuweza kumlaumu. Wala msiwatume makarani wakiwa wameandamana na askari ili "kuongeza ushirikiano". Mtakachokipata ni milango iliyofungwa na majibu ya uongo yaliyosemwa kwa heshima.

Kalenda nayo ni sehemu ya uhamasishaji, ingawa huwa tunaiona kama kazi ya wataalamu pekee. Siku rasmi ya sensa ya Marekani ya 2020 ilikuwa tarehe 1 Aprili, lakini kuhesabu kulianza tarehe 21 Januari, katika kijiji cha Toksook Bay huko Alaska. Kwa nini waanze katikati ya baridi kali vile? Kwa sababu ardhi ikiganda vijiji vya mbali vinafikika na watu wako majumbani, na barafu ikiyeyuka wanatawanyika kwenda kuvua na kuwinda. Wa kwanza kuhesabiwa alikuwa bibi wa miaka 90, mzee wa kijiji. Waandaaji walimfuata mtu kwa msimu wake, na wakaanza na yule ambaye kijiji kizima kinamtazama. Wafugaji wanaohamahama, wavuvi wa makambi, wachimbaji, vibarua wa mavuno, wote wana misimu yao. Waulizeni wenyewe kabla hamjapiga muhuri tarehe, na kama tarehe ya taifa haibadiliki, basi wapangieni makarani wao na siku zao.

Kuna wengine ambao hawakosekani kwa sababu ya mahali, bali kwa sababu dodoso halikuwahi kuwauliza. Kenya, mwaka 2019, iliwapa watu huntha, waliozaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili, nafasi yao kwenye dodoso kwa mara ya kwanza, wakahesabiwa 1,524. Naamini wapo zaidi ya hao, na kwamba wengi walijibiwa na mtu mwingine pale mlangoni. Lakini hata hao 1,524 nadhani walipatikana kwa sababu vyama vyao vilishirikishwa kabla. Ndivyo ilivyo pia kwa ulemavu: swali la "je, yupo mlemavu humu?" hujibiwa "hayupo" huku mtu amekaa chumba cha pili. Swali la kama mtu anapata shida ya kuona, kusikia au kutembea hupata jibu jingine kabisa. Makarani wafunzwe tofauti hiyo, na kamati za mitaa nazo.

Kuhusu makarani nitasema machache, maana yanajulikana. Waajiriwe kutoka maeneo yaleyale watakayohesabu. Walipwe kwa wakati. Na yule mwenyeji anayetembea na karani kumwonyesha mipaka, ambaye mara nyingi hata hayumo kwenye bajeti, naye alipwe. Wa kwangu alikuwa kijana mwerevu aliyejua kila uchochoro. Siku ya tatu alinishika mkono akaniambia, "Dada, nyumbani wananiuliza nimeleta nini." Akarudi kwenye shughuli zake. Kuanzia siku hiyo nilihesabu nilichokiona kutoka njiani, na najua nilipitwa.

Jambo la mwisho linahusu baada ya sensa, na kwangu lina uzito kuliko fulana zote mlizowahi kuchapisha. Matokeo hutangazwa kwa sherehe, mkuu wa nchi anataja idadi ya watu, magazeti yanaandika, basi. Mtaa haurudishiwi chochote. Nilirudi kwenye mtaa wangu wa kazi zaidi ya mwaka mmoja baadaye, nikamkuta Mwalimu. Akaniuliza, "Binti, sisi tulikuwa wangapi?" Sikuwa na jibu. Ofisi ya kata haikuwa nalo. Mtu aliyetufungulia milango yote, hatukumrudishia hata namba moja. Kila mtaa upewe karatasi yake: watoto wangapi, wazee wangapi, wanaotumia maji ya bomba wangapi, wasiosoma wangapi. Ibandikwe ofisi ya mtaa, zahanati na shuleni, isomwe kwenye mkutano. Viongozi wa mtaa waitumie kudai wanachopaswa kupata. Sensa ijayo mtu huyo hatahitaji kuhamasishwa, atauliza mnakuja lini.

Ninachowaomba kwa hatua ya sasa kinaweza kuanza mwezi huu. Tangazeni fungu la uhamasishaji la ngazi ya mtaa ni kiasi gani na litafika lini. Toeni ramani za maeneo yaliyokosewa sensa iliyopita. Tajeni tarehe ya kikao cha kwanza cha kamati za kata, na kiwe cha wazi, jioni, saa ambayo watu wametoka kazini na walinzi hawajaingia zamu. Mimi nitakuja kwenye kikao cha kata yangu, nitakaa nyuma, na nitamleta mkunga.

Wenu katika kazi hii,
Karani wa zamani wa sensa